Kabla ya kuandika uhakiki wako wa kwanza wa filamu: mambo ya kuzingatia

Uhakiki mwingi huharibika kabla sentensi ya kwanza haijaandikwa, kwa sababu mwandishi aliitazama filamu vibaya. Basi jiulize kwanza: umeona nakala ipi?

Afrika Mashariki tumezoea muvi zilizotafsiriwa, zile ambazo sauti ya msimulizi kama Lufufu kwa Tanzania au DJ Afro kwa Kenya hufunika mazungumzo ya wahusika. Hiyo ni sanaa kamili na inastahili uhakiki wake peke yake. Lakini msimulizi huongeza vichekesho, huwabatiza wahusika majina mapya, na huzungumza juu ya muziki na hata juu ya ukimya ambao mwongozaji aliukusudia. Ukimsifu steringi kwa maneno yake makali, huenda unamsifu msimulizi bila kujua. Tafuta nakala yenye sauti ya asili na maandishi ya tafsiri chini ya skrini.

Kisha ikague runinga yenyewe. Filamu kwa kawaida hupigwa kwa picha 24 kwa sekunde. Runinga nyingi za kisasa zinakuja na mpangilio wa kulainisha mwendo ukiwa umewashwa tayari: hubuni picha za ziada katikati ya hizo 24, na filamu iliyopigwa kwa uangalifu mkubwa huonekana kama tamthilia ya studio. Uzime, halafu chagua mpangilio wa sinema, hata kama rangi zitaonekana zimepoa mwanzoni. Mistari myeusi juu na chini si kasoro. Ukiivuta picha ijaze skrini, unakata kingo zake, na mara nyingine aliyesimama pembeni ndiye mwenye siri ya tukio.

Wanaotazama kwa simu wavae spika za masikioni, maana spika ndogo ya simu haitoi besi. Na pigeni hesabu ya bando: saa moja ya ubora wa kawaida inaweza kula takribani GB 1, na ya HD hadi GB 3. Intaneti ikilegea, programu nyingi hushusha ubora zenyewe bila kukuambia, nawe utamlaumu mpiga picha kwa ukungu ulioletwa na mtandao. Ikiwezekana, pakua kwanza.

Tenga muda wa kutosha. Filamu ya dakika 100 inahitaji karibu saa nne, kwa kuwa utaitazama mara mbili. Mara ya kwanza weka daftari mbali kabisa; anayeandika huku anatazama hukosa nyuso. Mara ya pili simamisha unapotaka, uandike dakika na ulichokiona, wala si maoni. “Dakika ya 42, mama anafunga mlango, muziki unakatika” itakusaidia baada ya wiki. “Nzuri sana” haitakusaidia hata kesho. Maandishi 10 hadi 15 ya namna hiyo yanatosha kwa uhakiki mmoja. Kwa sizoni, usihukumu kwa sehemu ya kwanza tu: ona angalau tatu, na umwambie msomaji umeishia wapi.

Jifunze pia nani hufanya nini. Mwigizaji hulaumiwa kwa maneno mabovu ya mwandishi wa muswada, na mwongozaji kwa mruko wa ghafla uliotokana na uhariri. Katika filamu za bajeti ndogo, sauti mbovu mara nyingi hutokana na maikrofoni ya kamera iliyo mbali na mwigizaji: inanasa mwangwi wa ukuta na jenereta la jirani kabla ya maneno. Ukilijua hilo, utaandika kasoro halisi badala ya kusema tu kwamba “haijatulia”. Majina yanakili kutoka orodha ya mwishoni, herufi kwa herufi.

Filamu ikiwa imetokana na riwaya, kama Vuta N’kuvute ya Amil Shivji (2021) iliyotokana na kitabu cha Shafi Adam Shafi, ni bora kukisoma kitabu baada ya kutazama mara ya kwanza. Aliyeanza na kitabu huishia kuhesabu vilivyoachwa na kusahau kutazama vilivyowekwa.

Kuhusu kufichua kisa, simulia yaliyo katika theluthi ya kwanza tu. Ukilazimika kugusa mwisho, toa onyo kabla ya aya hiyo, si ndani yake.