Jinsi ya kupata marafiki wa kweli ukienda kujitolea kwenye surfing Cape Town

Makaratasi kwanza tuyamalize haraka. Kazi ni ya kusaidia kufundisha watoto surfing, yaani kupanda mawimbi kwa ubao, kwahiyo chukua cheti cha tabia njema polisi mapema, alafu waulize wenyeji wako kuhusu viza, maana kuingia kama mtalii sio ruhusa ya kufanya kazi hata kama ni ya bure.

Sasa urafiki. Usiende na akili ya kwamba wewe ndo unapeleka msaada. Makocha wengi kule ni vijana wa hukohuko taunshipu, ile mitaa ya watu wa kipato cha chini, mfano shirika la Waves for Change lilianza kama klabu ndogo kwenye taunshipu ya Masiphumelele na mpaka leo linaajiri vijana wa palepale, wanaijua bahari na wanawajua watoto kuliko wewe, so kaa chini ufundishwe. Siku ya kwanza kwenye ufukwe wa Muizenberg waulize maana ya bendera za papa, kijani maji yanaonekana vizuri na hakuna papa aliyeonekana, nyeusi hayaonekani vizuri, nyekundu papa kaonekana muda sio mrefu, nyeupe yenye picha ya papa ikipanda na king'ora kikilia toka majini hapohapo. Kumuuliza mtu kitu anachokijua vizuri ndo mwanzo mzuri wa stori.

Jifunze salamu za Kixhosa kabla hujapanda ndege: molo kwa mtu mmoja, molweni kwa wengi, enkosi ni asante. Na kwetu waswahili kuna utamu wake, maji ni amanzi, nyama ni inyama, watu ni abantu. Mimi na kocha mmoja tulikua tunahesabu mbao za surfing za kupanga kwenye gari, yeye nye, mbini, ntathu, ne, ntlanu, mimi moja, mbili, tatu, nne, tano, tukaangaliana tukaacha kabisa kazi tukaanza kulinganisha maneno mpaka dereva akapiga honi.

Ila kama kuna kitu kimoja nakuomba ukishike ni hiki, baki wakati wa kusuuza suti za mpira, zile za kuvaa majini kuzuia baridi. Wageni wengi mawimbi yakiisha wanaenda kupiga picha. Maji ya kule ni ya baridi jamani, sio ya Coco Beach, vidole vinakufa ganzi, suti inageuzwa nje ndani inazamishwa kwenye ndoo ya maji baridi inakamuliwa inaanikwa, na ziko nyingi kweli. Hapo ndo watu wanaongea. Hapo ndo niliambiwa nani mamake anaumwa, nani anatafuta ada, na mimi nikasema ya kwetu pia. Baada ya hapo tukachanga hela tukanunua gatsby moja, ule mkate mrefu wenye chipsi ndani, ukakatwa vipande vinne, na kuanzia siku hiyo sikuwahi kula peke yangu.

Picha za watoto usipige bila ruhusa. Na usiahidi utarudi kama hujui, watoto wale wameshaachwa na watu wengi, wanakumbuka.

Ukirudi nyumbani usisubiri sikukuu, tuma voisi fupi hata ya kelele za daladala. Yule kocha juzi kanitumia ya kwake anahesabu kwa Kiswahili, kafika sita akakwama, nikamrudishia saba, nane, tisa, kumi.