Mfanyakazi Anapoendesha Gari Lake kwa Kazi Yako: Namna ya Kupanga Bima kabla ya Msimu wa Korosho

Kila mwaka inapokaribia Oktoba, ofisi nyingi za Mtwara na Lindi huanza kupungukiwa magari. Minada ya korosho inapangwa, makarani wanatakiwa kufika kwenye maghala ya Tandahimba, Nachingwea na Ruangwa, na gari moja la ofisi haliwezi kuwa sehemu tatu kwa siku moja. Hapo ndipo hutolewa agizo ambalo karibu kila mwajiri wa mikoa hii amewahi kulitoa: "Chukua gari lako, mafuta tutakurudishia." Mwongozo huu unaeleza mzigo ambao mwenye biashara hujitwika kwa agizo hilo, na hatua anazopaswa kuzikamilisha kabla ya kulitoa, awe na wafanyakazi watatu au hamsini.

Kanuni ya kuanzia nayo ni kwamba mwajiri huwajibika kwa uzembe ambao mfanyakazi ameutenda akiwa katika kazi ya mwajiri wake. Jina lililo kwenye kadi ya gari halimwondolei mwajiri wajibu huo, kwa sababu kinachoulizwa mahakamani ni safari ilikuwa ya nani. Karani anayekwenda Newala kuchukua sampuli za korosho kwa agizo la ofisi yuko kazini, hata kama gari ni lake na mafuta amejaza kwa fedha yake. Karani huyohuyo akienda harusini Mikindani siku ya Jumapili hayuko kazini, hata akiwa amevaa fulana ya kampuni. Ugumu upo katikati: amemaliza kazi Masasi, na badala ya kurudi Mtwara anaelekea Nachingwea kuwajulia hali wazazi wake, kisha ajali inatokea njiani. Hapo mawakili watabishana, na karatasi pekee itakayokusaidia ni ile inayoonyesha ulimtuma wapi, lini na kwa kazi gani. Kwa sababu hiyo ninashauri kila safari ya kikazi iandikwe kwenye daftari kabla gari halijaondoka, kwa mstari mmoja tu wenye tarehe, jina, namba ya gari, mahali anapokwenda na kazi anayokwenda kuifanya.

Baada ya kuelewa hilo, igeukie bima ya gari lenyewe. Sheria ya Bima ya Magari, Sura ya 169, inamtaka kila anayetumia gari barabarani awe na bima ya kulinda watu wengine, ambayo wengi wetu tunaiita bima ndogo. Gari dogo la binafsi hukatiwa bima hiyo kila mwaka, na kwa kuwa ni nafuu, ndiyo utakayoikuta kwenye magari mengi ya wafanyakazi. Bima kubwa, ambayo hulinda pia gari la mwenye bima, hukokotolewa kwa asilimia ya thamani ya gari. Mwajiri anaweza kudhani kwamba mwenye bima kubwa hana tatizo. Hata hivyo, aina zote mbili zina sehemu inayohusu matumizi ya gari, na hiyo ndiyo sehemu ambayo wenye magari huisoma kwa nadra kuliko zote.

Nilijifunza uzito wa sehemu hiyo kwa namna ambayo siwezi kuisahau. Kampuni ndogo niliyoitumikia kama mhasibu ilikuwa ikisambaza pembejeo za mikorosho, na mwaka mmoja, kati ya Juni na Julai, gari letu lilikuwa gereji wakati wakulima wanasubiri salfa. Mwenzetu mmoja alijitolea kirikuu chake, tukapakia mifuko ya salfa ya kilo 25, akaondoka kuelekea Tandahimba. Njiani alimgonga mzee mmoja aliyekuwa kwenye baiskeli na kumvunja paja. Nilipofungua hati ya bima ya kile kirikuu mezani kwangu jioni ile, mfuko mmoja uliochanika ukiwa bado umeacha unga wa njano sakafuni, niliona kwenye mstari wa matumizi neno moja tu: binafsi. Kampuni ya bima ilijibu kwamba gari lilikuwa likibeba mzigo wa biashara ya mtu mwingine, na kwamba matumizi hayo hayakuwamo katika mkataba. Tulikaa na wazee wa familia ya majeruhi mara nne hadi tukaelewana, na fedha zilitoka kwenye mtaji wa msimu uliofuata. Mzee alipona, ingawa anachechemea hadi leo. Sisi tulilipa tulichostahili kulipa, na kinachoniuma ni kwamba barua moja kwenda kwa kampuni ya bima, iliyoandikwa wiki moja kabla, ingetosha kuyalinda mapato ya mzee yule na ajira za watu saba.

Kwa hiyo hatua ya kwanza ni kukagua, na ukaguzi huu ufanyike Agosti au Septemba, kabla ya heka heka. Orodhesha kila mfanyakazi ambaye huenda akatumia chombo chake kwa kazi, hata yule anayekwenda benki mara moja kwa wiki. Kila mmoja alete nakala ya kadi ya gari, leseni ya udereva na hati ya bima yenyewe, kwa kuwa stika haitoshi. Stika ihakikiwe kwa namba ya gari katika mfumo wa mtandaoni wa Mamlaka ya Usimamizi wa Bima Tanzania, yaani TIRA, kwa sababu bima bandia zimewahi kuuzwa nchini na mwenye gari anaweza kuwa ametapeliwa bila kujua. Leseni iangaliwe tarehe na daraja pia. Ukikuta bima inaisha Novemba, katikati ya msimu, andika tarehe hiyo kwa wino mwekundu, maana Sheria ya Bima ya mwaka 2009 haikubali ulinzi wa mkopo: ada isipolipwa, ulinzi haupo.

Hatua ya pili ni kubadilisha matumizi yaliyoandikwa kwenye bima ya mfanyakazi. Mfanyakazi mwenyewe, kwa kuwa mkataba ni wake, aiandikie kampuni yake ya bima kwamba gari litatumika pia kwa shughuli za mwajiri, ataje shughuli zenyewe, na aombe mambo mawili yaongezwe kwenye mkataba kwa maandishi. Jambo la kwanza ni ruhusa ya matumizi hayo. Jambo la pili ni kwamba mwajiri naye alindwe endapo atadaiwa kwa ajali iliyosababishwa na gari hilo. Kampuni inaweza kuongeza ada kidogo, na kwa maoni yangu ada hiyo ni haki ilipwe na mwajiri, kwa kuwa ndiye anayefaidika na safari. Posho ya mafuta haihesabiki kuwa imelipia jambo hili. Vilevile, kuna tofauti kubwa kati ya kubeba faili na kubeba mzigo. Ikiwa utamtuma mfanyakazi na mifuko ya salfa au magunia ya korosho, sema hivyo waziwazi kwenye barua, kwa sababu ruhusa ya safari za kiofisi haimaanishi ruhusa ya kusafirisha bidhaa.

Hatua ya tatu ndiyo ambayo waajiri wengi huku hawajawahi kuisikia. Ipo bima anayokatiwa mwajiri mwenyewe, kwa ajili ya dhima, yaani wajibu wa kulipa madai, inayomwangukia kutokana na magari asiyoyamiliki. Nchini Marekani ni bima ya kawaida kabisa, huuzwa pamoja na bima ya dhima ya biashara, na hugusa magari ya aina mbili, yaani yale ya wafanyakazi na yale ya kukodi. Kwetu huombwa kupitia dalali wa bima au moja kwa moja kwenye kampuni, na usikubali kuambiwa kwamba tayari unayo kwa sababu una bima ya dhima kwa umma, kwani bima hiyo kwa kawaida huweka kando madai yote yatokanayo na magari barabarani. Unapoiomba, uliza maswali haya na udai majibu yaliyoandikwa. Je, italipa ikiwa bima ya mfanyakazi imeisha muda, au ikiwa kampuni yake imekataa dai? Hili ndilo swali zito kuliko yote, kwa kuwa baadhi ya mikataba huweka sharti kwamba gari liwe na bima yake halali, na wewe ukishindwa kuonyesha kwamba ulikagua, ulinzi unaondoka. Je, pikipiki zimo? Je, kiwango cha juu cha malipo ni kiasi gani kwa tukio moja, na kiasi gani kwa mwaka mzima? Ujue pia mipaka yake: bima hii humlinda mwajiri dhidi ya madai ya watu wengine, haitengenezi gari la mfanyakazi, na kwa kawaida haimlindi mfanyakazi binafsi. Mzigo nao una bima yake ya safarini.

Magari ya kukodi yana mtego wa aina nyingine. Ukikodi gari pamoja na dereva wake, sehemu kubwa ya wajibu hubaki kwa mwenye gari, ingawa ni busara kuona bima yake. Ukikodi gari na kulikabidhi kwa mfanyakazi wako, umechukua udhibiti, na dhima inakufuata. Anza kwa kutazama kibao cha namba: gari la biashara hapa nchini lina kibao cheupe, na la binafsi lina cha njano. Gari lenye kibao cha njano linapokodishwa kwako na jirani au rafiki wa bosi, uwezekano ni mkubwa kwamba bima yake imeandikwa kwa matumizi binafsi, na kukodisha hakumo. Hali hii hutokea sana msimu unapopamba moto, ambapo kila mwenye Noah anatafuta riziki, na simlaumu. Lakini wewe usisaini kabla hujaona kwenye hati ya bima kwamba gari linaruhusiwa kukodishwa, na kwamba dereva yeyote mwenye leseni halali aliyeruhusiwa na mwenye gari anakubalika. Katika mkataba wa kukodi, soma ni nani atabeba ile sehemu ya kwanza ya hasara ambayo bima hailipi, na kama utaendelea kutozwa kodi ya kila siku wakati gari liko gereji. Gari linaloharibikia Liwale linaweza kukaa muda mrefu likisubiri vipuri, na siku hizo zote zikihesabiwa, bili inaweza kuzidi gharama ya matengenezo.

Kuhusu bodaboda, kama unamlipa dereva wa kijiweni akupelekee barua, huyo ni mtoa huduma. Kama mfanyakazi wako anaendesha pikipiki yake kwa kazi zako, yote yaliyosemwa juu ya magari yanamhusu.

Mfanyakazi anayeumia mwenyewe ana mlango mwingine. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, unahusika na majeraha yanayotokana na kazi, na umiliki wa chombo hauondoi haki hiyo. Mfuko huo haumlipi mpita njia aliyegongwa, wala hautengenezi gari.

Ajali ikitokea, watu wanaoumia ndio wa kwanza. Majeruhi afikishwe kituo cha afya, polisi waitwe, na fomu ya PF.3 ichukuliwe kwa ajili ya matibabu. Magari yasisogezwe hadi askari wa usalama barabarani wachore ramani ya ajali, isipokuwa pale usalama unapolazimisha. Piga picha nyingi, kuanzia alama za tairi, vibao vya namba, hali ya barabara hadi mahali gari liliposimama. Katika barabara za mchanga za uwanda wa Makonde, alama hizo hufutika mara tu kenta ya kwanza inapopita. Siku hiyohiyo, au kesho yake asubuhi, toa taarifa kwa maandishi kwa kampuni zote mbili, ile ya gari na ile iliyokukatia bima ya dhima, hata kama unadhani moja tu itahusika.

Mikataba ya bima humkataza mwenye bima kukiri kosa au kuahidi malipo bila idhini. Wapo waliolitafsiri sharti hili kuwa wasifike nyumbani kwa majeruhi au msibani, na hilo si sahihi, wala haliendani na utu wetu. Nenda. Kaa mkekani na wenzako, toa ubani au mkono wa pole kama mtu yeyote muungwana. Usisaini karatasi yoyote inayotaja kiasi cha fidia, na usitamke kiasi mbele ya mjumbe au wazee. Waeleze wanafamilia kwa upole kwamba bima ipo, uwape jina la kampuni na namba ya hati, na uwasaidie kupata nakala za ripoti ya polisi na za hospitali, kwa kuwa wao pia watazihitaji kuthibitisha dai lao.

Kampuni ya bima ikikataa kulipa, omba sababu kwa maandishi pamoja na kipengele cha mkataba wanachokitegemea. Kisha peleka malalamiko TIRA, au kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, ukiambatanisha hati ya bima, barua ya kuomba matumizi ya kikazi, jibu la kampuni, na nakala ya ule ukurasa wa daftari unaoonyesha mfanyakazi alitumwa wapi siku hiyo.