Nungwi hadi Kendwa kwa miguu: mambo ya kuzingatia kabla ya kutoka

Kutoka Nungwi hadi Kendwa, kaskazini ya Unguja, kwa kuufuata ufuo ni mwendo wa kama kilomita tatu. Hakuna kilima wala msitu, na mtoto wa darasa la tatu anaumudu bila kulalamika. Kinachoamua kama utafika au utarudi ulikotoka ni maji. Bahari ikijaa hupiga moja kwa moja kwenye mwamba wa matumbawe ulio kati ya vijiji hivi viwili, na pale palipokuwa na mchanga asubuhi panakuwa na mawimbi ya kifuani. Kwa hiyo usianze kwa kupanga begi. Anza kwa kupanga siku na saa.

Maji hupwa na kujaa mara mbili kwa siku, na kila siku huchelewa kwa kama dakika 50. Siku za bamvua, yaani mwezi unapoandama au unapokuwa mpevu pamoja na siku mbili tatu zinazofuata, Unguja maji ya mchana hupwa kati ya saa nne na saa sita, na hupwa kwelikweli: tofauti kati ya kujaa na kupwa huweza kukaribia mita nne. Wiki moja baadaye ni maji mafu. Hapo kupwa kwa mchana huangukia alasiri, mnamo saa kumi, lakini maji hayaendi mbali, na kwenye kona za mwamba huenda ukapita umelowa magoti. Anayehesabu mwezi wa Kiislamu hahitaji programu ya simu: mwezi 15 ni bamvua, mwezi 8 na 22 ni maji mafu. Asiyehesabu atazame jedwali la maji, ahakikishe ni la Zanzibar, kisha amuulize mvuvi yeyote pwani pale Nungwi. Mimi ningemwamini mvuvi kwanza.

Ukishajua saa ya kupwa, ondoka Nungwi saa moja kabla yake. Kutembea kwenyewe hakumalizi saa nzima, ila utasimama: kwanza kutazama mafundi wanaounda majahazi ufuoni, kisha kujitosa kwenye kila kighuba kitakachokuvutia. Saa hiyo ya ziada inakuwezesha kuwa umeshaupita mwamba maji yanapoanza kurudi. Anayetoka Mjini, yaani Zanzibar mjini, asisahau safari ya barabarani. Ni kiasi cha kilomita 60, na daladala namba 116 huweza kuchukua saa mbili kwa kusimama simama kwake. Bamvua ikikupa maji ya saa nne, basi ama ulale Nungwi, ama uwe kituoni alfajiri.

Raha ya upande huu ni kwamba unaogelea hata maji yakiwa yamekupwa. Kule Paje na Jambiani, pwani ya mashariki, bahari hukimbia mbali hadi wanawake wa mwani wakatembea walikokuwa wakipita samaki. Huku kina kiko karibu. Lakini chagua pa kuingilia. Mchanga mtupu ni salama kuliko mwamba, kwa sababu kwenye mwamba hujificha wale viumbe weusi wenye miiba mirefu, na mwiba ukishaingia unyayoni hukatikia humo. Penye mchanga, buruta miguu badala ya kukanyaga, ili samaki taa aliyejifukia apate kukimbia. Mbele ya Nungwi kwenyewe sipendekezi kuogelea: kamba za nanga zimetanda chini ya maji, na boti za wageni huingia na kutoka bila kungoja kichwa cha mtu. Sogea mbele kidogo kuelekea Kendwa. Usitegemee kumkuta mwokoaji, basi asiyejua kuogelea abaki maji ya kiunoni.

Miguuni vaa raba za zamani au yeboyebo zenye mkanda wa nyuma. Kandambili huteleza kwenye mwamba wenye majani na hubaki katikati ya tope. Beba kibano, dawa ya kidonda na bendeji. Wenyeji hupaka utomvu wa papai kwenye miiba. Maji ya moto, kadiri ngozi inavyostahimili, hutuliza maumivu.

Maji ya kunywa yasipungue lita mbili kwa mtu. Kivuli ni haba, na mchanga mweupe hukurudishia jua usoni hata ukivaa kofia. Shati jepesi la mikono mirefu linafaa kuliko mafuta peke yake.

Mavazi ya kuogelea ni ya majini. Ukikatiza kijijini, jifunike mabega na magoti, mwanamume naye asitembee kifua wazi. Ramadhani usile wala kunywa mbele za watu kijijini. Kwa dada anayetaka kuogelea akiwa amejisitiri, hakuna atakayemshangaa: Nungwi ndiko mradi wa Panje ulikofundisha wasichana kuogelea wakiwa na mavazi ya kufunika mwili mzima.

Msimu una neno pia. Kusi ikivuma, katikati ya mwaka, upande huu wa magharibi umekingwa na bahari hutulia. Kaskazi, kuanzia Desemba, huleta mawimbi zaidi. Masika, Machi hadi Mei, mvua yaweza kukuharibia siku nzima.

Papasi, yaani vijana wanaowauzia wageni safari, watakufuata, wakikutaka upande boti au ununue safari ya kisiwa cha Mnemba. "Ahsante, ndugu yangu, leo natembea" inatosha. Ukianza kuuliza bei umeshaingia. Simu na pesa viweke kwenye mfuko usioingiza maji, tena uvitie mkononi mwa mwenzako unapoogelea, maana kitu kilichoachwa mchangani hakina mwenyewe. Wenye kutembea wawili au watatu hupokezana.

Chenji ndogo ndogo ndizo zitakazokurudisha. Maji yakishajaa, njia ya ufuoni imefungwa, na kutoka pwani ya Kendwa hadi barabara ya daladala ni mbali kwa mtu aliyechoka. Bodaboda zipo, patana kabla ya kupanda. Ukitaka kungoja jua lizame, na Kendwa linazama baharini hasa, panga usafiri wa kurudi Mjini mapema, kwa kuwa daladala hupungua sana ikishaingia magharibi.