Kabla hujafungua somo la dativi

Mara ya kwanza kukutana na dativi ya Kijerumani, ile hali ya nomino inayoonyesha anayetendewa, ilikuwa saa nne usiku, nyumbani Mbagala, kwenye video ya robo saa, na bando limebaki la kuungaunga. Mwalimu alichora jedwali akasema: der inakuwa dem, die inakuwa der, das inakuwa dem, wingi den, haya tuonane somo lijalo. Nikairudia mara tatu. Bando likakata kabla kichwa hakijafunguka. Nilimlaumu mwalimu kwa wiki nzima, kumbe niliyekuwa na kasoro ni mimi: nilikuwa nimeruka masomo mawili yaliyotangulia, na Kiswahili changu mwenyewe nilikuwa nimekiacha mlangoni.

Tuanze na ngeli. Vitabu huziita jinsia, lakini mtu wa huku akiziita ngeli anaelewa haraka zaidi. Ziko tatu. Kijiko ni der Löffel, uma ni die Gabel, kisu ni das Messer. Vyombo vya meza moja, kila kimoja na kwao. Sisi tunaosema kiti kimevunjika na mti umevunjika hatuna haki ya kulalamika. Ila kuna tofauti moja inayouma: kwetu neno mara nyingi linajitaja lenyewe kwa kiambishi chake, kwao Gabel imenyamaza, anayeisemea ni die iliyo mbele yake. Na karibu kazi yote ya dativi inafanyika kwenye kale kaneno ka mbele. Usipojua kwamba Frau ni die, ukisikia mit der Frau utadhani mwanamke amegeuka mwanamume. Ukisikia den hutajua kama ni akusativi (hali ya kinachotendwa) ya kiume au dativi ya wingi.

Kwa hiyo kabla ya video yoyote, andika nomino arobaini au hamsini za nyumbani na mtaani, kila moja na der, die au das yake, na wingi wake pembeni. Wingi usiuache. Kwenye dativi nomino ya wingi huongezwa n: die Kinder inakuwa mit den Kindern. Zinazoishia na s, kama Autos, hubaki zilivyo, na yenye n tayari haiongezwi nyingine. Asiyejua wingi huitia n kwa ramli.

Nominativi, yaani hali ya mtenda, na akusativi sizisemi sana. Kama der Mann na den Mann bado zinakuchanganya, funga dativi, rudi huko kwanza.

Sasa Kiswahili. Video nyingi zinazopatikana hufundisha Kijerumani kwa Kiingereza, hivyo unajikuta unatafsiri mara mbili, na katikati ya safari unapoteza mzigo. Wakati huo huo dawa unayo mdomoni: kauli ya kutendea. Ukisema "namwandikia mama barua", barua ndiyo yambwa tendwa, mama ni yambwa tendewa. Kijerumani: Ich schreibe meiner Mutter einen Brief. Barua imeingia akusativi, mama dativi. "Nampa mtoto ndizi": Ich gebe dem Kind eine Banane. Swali la kujipima ni wem, yaani nani anayepewa, anayeandikiwa, anayeletewa.

Na si hapo tu. "Kichwa kinaniuma" ni Der Kopf tut mir weh, na hiyo "ni" ya katikati ndiyo mir. "Gauni linanitosha" ni Das Kleid passt mir. "Linanipendeza" ni Es gefällt mir. Mwanafunzi anayesema Kiingereza hapa huhangaika, maana yeye kazoea kusema anakipenda kitu, si kitu kumpendeza. Sisi tumezaliwa nayo.

Lakini usilewe. Kiswahili hicho hicho kitakuingiza shimoni, na heri ulijue shimo kabla ya kutumbukia. "Namwona" na "nampa" zote zina m ile ile. Kijerumani kinazitenga, ihn kwa wa kwanza na ihm kwa wa pili. Namuuliza ni ich frage ihn, akusativi. Namjibu ni ich antworte ihm, dativi. Namsaidia ni ich helfe ihm. Kubwa kuliko zote ni simu: sisi tunasema "nampigia", kutendea kabisa, halafu Mjerumani anasema ich rufe ihn an, akusativi. Hilo limenifedhehesha mara nyingi. Tenga ukurasa mmoja wa daftari kwa vitenzi vya dativi (helfen, danken, antworten, gefallen, gehören, passen, schmecken, folgen, gratulieren), uvihifadhi kama vilivyo bila kuuliza sababu.

Vihusishi ni vyepesi kuliko vinavyotisha. Aus, bei, mit, nach, seit, von, zu: siku zote dativi. Hesabu, ni mizani saba, imepungua moja tu kutimia kipande cha tarbia. Niliikariri kwenye daladala kutoka Mbagala hadi Kariakoo, nikiipanda na kuishusha kimoyomoyo. Zoea pia kuunganika kwake: zu der inakuwa zur, zu dem inakuwa zum, bei dem beim, von dem vom. Zur Schule utaishika bila shida, kwa kuwa Schule ndiyo iliyotuachia neno shule tangu enzi za Wajerumani, kama Heller ilivyotuachia hela.

Kundi la pili lina vihusishi tisa, in, an, auf, unter, über, vor, hinter, neben, zwischen, na hapa ndipo Mswahili anapokwama. Sisi tuna "wapi" moja. Uko wapi, unakwenda wapi. Tuna "ni" moja ya mahali: nipo mjini, naenda mjini. Mjerumani anayo wo ya kukaa na wohin ya kuelekea, na kila moja ina mlango wake: Ich bin in der Stadt, dativi, kwa aliyepo; Ich gehe in die Stadt, akusativi, kwa anayekwenda. Kabla ya somo hili, chukua sentensi kumi za Kiswahili zenye mezani, chumbani, ukutani, sokoni, kisha pembeni uandike kama kitu kimetulia au kinahamia. Kazi ya dakika ishirini, ila itakuokoa mwezi.

Vifaa havina mengi. Dem na den kwa simu iliyowekwa kwenye spika yake, jirani akipiga singeli, ni neno moja. Tafuta spika za masikioni, hata za bei ya chini. Washa maandishi ya Kijerumani chini ya video na upunguze kasi. Pakua ukiwa na bando la usiku au waifai ya mtu, ili umeme ukikatika usikatike na wewe. DW, shirika la utangazaji la Ujerumani, ina masomo ya video ya bure kwa wanaoanza, na kwa wanaolenga cheti, Goethe-Institut, taasisi ya Ujerumani ya lugha na utamaduni, ipo hapa hapa Dar. Angalia kwanza ngazi yako inadai nini, maana wa A1, ngazi ya mwanzo kabisa, hahitaji kubeba dativi nzima siku moja.

Mwisho, tafuta mtu wa kumsomea sentensi zako, japo kwa ujumbe wa sauti. Video haikusahihishi. Ukurasa wa kwanza wa daftari langu una sentensi niliyoiandika kwa kujiamini na kuipigia mstari mara mbili: Ich danke dich. Ilikaa hivyo miezi minne kabla mtu hajaniambia ni dir.