Jinsi ya kuchora mchezo wa bei na kuutafutia msawazo

Nadharia ya michezo hutumika pale ambapo faida yako inategemea uamuzi wa mtu mwingine, naye akiamua huku akikuwazia wewe. Muuza nyanya mmoja kati ya mamia pale soko la Marikiti hana haja nayo, kwa sababu peke yake haiyumbishi bei ya soko. Vibanda viwili vya chakula vinavyotazamana Industrial Area, Nairobi, vinaihitaji sana.

Kwanza andika wachezaji ni nani, kila mmoja ana mikakati gani, na anajua nini anapoamua. Tuseme kuna kibanda cha langoni na kibanda cha kona. Kila kimoja kinaweza kuuza sahani ya chapati na maharagwe kwa shilingi 100 au 80, na bei huandikwa ubaoni asubuhi kabla ya kuiona ya mwenzake. Jedwali la masanduku manne linatosha. Kama mmoja angeiona bei ya mwenzake kwanza, ungechora mti wa maamuzi badala ya jedwali, kisha uusome kuanzia mwisho kurudi mwanzo.

Kisha jaza malipo, na hapa ndipo wengi huharibu kazi. Malipo ni kinachobaki mfukoni baada ya gharama. Ukijaza mauzo, jedwali zima linakudanganya. Chukua gharama ya shilingi 50 kwa sahani (unga, maharagwe, mafuta, makaa) na wateja 120 wa mchana kwa jumla. Bei zikilingana, wanagawana sawa. Zikitofautiana, mwenye bei ya chini anapata 110 na mwenzake 10.

- Wote 100: kila mmoja 60 × 50 = 3,000
- Wote 80: kila mmoja 60 × 30 = 1,800
- Mmoja 80, mwingine 100: wa 80 anapata 110 × 30 = 3,300; wa 100 anapata 10 × 50 = 500

(Mstari wa mwisho wa orodha ni masanduku mawili, kwa kuwa yeyote kati yao anaweza kuwa wa 80.)

Sasa shika uamuzi wa langoni usisogee, uangalie kona afanye nini. Langoni akiuza 100, kona ana 3,300 akishusha na 3,000 asiposhusha: pigia mstari 3,300. Langoni akiuza 80, kona ana 1,800 akishusha na 500 asiposhusha: pigia mstari 1,800. Kushusha kunamfaa kwa vyovyote vile, na mkakati wa aina hiyo huitwa mkakati tawala. Rudia kwa langoni. Sanduku ambalo malipo yote mawili yamepigiwa mstari ndilo msawazo wa Nash: hakuna anayefaidika kwa kubadili peke yake. Hapa ni wote 80.

Usitafute sanduku lenye jumla kubwa. Wote wangepata 3,000, lakini sanduku hilo halisimami, kwa kuwa kila mmoja anavutwa na 300 za ziada. Mchezo wa namna hii, ambapo kila mmoja akifuata faida yake wote wawili huishia pabaya, huitwa mtanziko wa wafungwa.

Kabla ya kuamini jibu, tikisa makadirio yako. Je, sufuria na jiko vinaweza kutoa sahani 110? Zikitoka 90 tu, anayeshusha peke yake anapata 90 × 30 = 2,700, chini ya 3,000, na mwenzake anabaki na wateja 30, yaani 1,500. Jedwali sasa lina misawazo miwili, wote 100 na wote 80. Mpaka uko kwenye sahani 100: zaidi ya hapo, kushusha kunalipa. Tunashauri kila mara utafute nambari ya namna hii, maana inakuonyesha ni kadirio gani linafaa kuhesabiwa kwa uangalifu.

Vibanda hivi hukutana kila siku, na hilo hubadilisha mengi. Rudi kwenye sahani 110: anayeshusha leo anavuna 300 mara moja, lakini jirani akijibu kwa 80 kuanzia kesho, aliyeanza kushusha anapoteza 1,200 kila siku. Ukihesabu, uwezekano wa biashara kuendelea kesho ukiwa angalau asilimia 20, tishio hilo linatosha kumzuia. Siku ya mwisho ikijulikana, tishio huporomoka kuanzia mwisho: siku hiyo hakuna kesho ya kuadhibiwa, hivyo wote hushusha, na siku ya kabla yake vivyo hivyo. Chama cha kuzungushiana pesa kina udhaifu huohuo: aliyepokea mapema hana cha kumvuta kuchanga raundi za mwisho, isipokuwa kuna mzunguko mwingine au wadhamini. Kuhusu bei, tahadhari: washindani kukubaliana bei kumekatazwa na Sheria ya Ushindani ya Kenya ya mwaka 2010.

Wakati mwingine hakuna sanduku lenye mistari miwili. Mwaka 1950 John Nash alithibitisha kwamba mchezo wenye wachezaji na mikakati ya idadi yenye kikomo una msawazo, mradi kuchanganya mikakati kuruhusiwe, yaani kuchagua kwa kubahatisha, kila mkakati kwa uwezekano wake. Mchuuzi anayepata 1,000 barabara kuu asipokamatwa, anayepoteza 2,500 kanjo (askari wa jiji) wakija, na anayepata 300 akikaa uchochoroni, huwa haoni tofauti uwezekano wa msako ukiwa p: 1,000(1 − p) − 2,500p = 300, yaani p = 0.2. Msako ukizidi siku moja kati ya tano, uchochoro unamfaa zaidi; ukipungua, barabara kuu. Ili kujua yeye aende barabara kuu mara ngapi, hesabu kwa malipo ya kanjo, si yake.