Kukata stika kwa herufi za DOS: kunakili fonti na aikoni za pikseli

Dogo mmoja mwenye banda la gemu kule Majengo, hapa Moshi, alitaka jina la banda likatwe kwa stika kwenye kioo, kwa maandishi "yale ya kompyuta za kizamani". Alikuwa na picha ya skrini iliyosafiri WhatsApp hadi ikachakaa. Hivi ndivyo tulivyofanya. Nachukulia una Inkscape (ya kuchora) na FontForge (ya kutengeneza fonti), zote ni bure, na kwamba kuendesha skripti fupi ya Python hakukutishi.

Hatua ya 1: Tafuta baiti, achana na picha

Kuna programu zinazofuatisha picha na kuigeuza mistari. Kwa kazi hii sizitaki kabisa. Zinaona ngazi za pikseli kama uchafu, zinazilainisha, na A inatoka na mabega ya mviringo. Akili mnemba ndiyo usiseme: inakubunia herufi ambayo haijawahi kukaa kwenye mashine yoyote.

Herufi ambazo wengi wetu tunazikumbuka kutoka DOS, mfumo wa kompyuta wa enzi za kabla ya Windows, ni za VGA, kadi ya picha ambayo IBM iliitoa mwaka 1987. Kila herufi ni mistari 16 ya pikseli 8, yaani baiti 16. Seti nzima ni herufi 256, hivyo baiti 4,096 tu. Huna haja ya kuzunguka kwa mafundi kutafuta kadi ya zamani: ndani ya msimbo wa Linux, folda ya lib/fonts, kuna faili la font_8x16.c lenye herufi za muundo huohuo, zimeandikwa kama maandishi ya kawaida. Pakua faili hilo peke yake. Ukipakua msimbo wote bando litakwisha bure.

Hatua ya 2: Zisome kwa macho kwanza

Hii ndiyo A (kushoto ni baiti, kwa namba za msingi wa 16):

```
10  ...#....
38  ..###...
6C  .##.##..
C6  ##...##.
C6  ##...##.
FE  #######.
C6  ##...##.
C6  ##...##.
C6  ##...##.
C6  ##...##.
```

Juu yake kuna mistari 2 ya 00, chini 4. Kila baiti ni mstari mmoja, kila biti yenye 1 ni pikseli iliyowaka. Ona miguu ina unene wa pikseli 2, na safu ya mwisho kulia iko wazi ili herufi zisigusane. Unene huo utatuokoa kwenye kukata.

Hatua ya 3: Geuza baiti kuwa fonti

Hapa ndipo dogo alipokwama alipojaribu peke yake, na usiku ukamwishia hapo. Herufi zilitoka, lakini baadhi ya pikseli zilikuwa nene na nyingine nyembamba, na hakuelewa kwa nini, maana baiti zilikuwa sahihi.

Sababu ni hesabu ndogo. FontForge ikifungua fonti mpya inaipa kimo cha uniti 1,000. Gawanya kwa mistari 16 unapata 62.5. Ukihifadhi kama TrueType (faili la .ttf), pointi lazima ziwe namba kamili, kwa hiyo nusu hizo zinasogezwa huku na kule, na mraba uliopaswa kuwa sawa pande zote unapinda. Tumia 1,024: kila pikseli inakuwa uniti 64 kamili. Juu ya mstari wa msingi weka 768 (mistari 12), chini 256 (mistari 4). Ile mistari 4 ya mwisho ndiyo mikia ya g, p na y inapoingia. Ukiisahau, herufi zote zitaelea.

Sehemu inayochora ni hii (f ni fonti, g ni herufi moja, pen ni kalamu yake, baiti ni zile 16 za herufi hiyo):

```
f.ascent = 768; f.descent = 256
p = 64
for r, b in enumerate(baiti):
    for s in range(8):
        if b & (128 >> s):
            x, y = s*p, (11-r)*p
            pen.moveTo((x, y))
            pen.lineTo((x, y+p))
            pen.lineTo((x+p, y+p))
            pen.lineTo((x+p, y))
            pen.closePath()
```

Kila pikseli mraba wake. Upana wa herufi weka 512. Kalamu ya FontForge ikishafungwa (`pen = None`), ita `g.removeOverlap()` ili miraba inayopakana iwe umbo moja. Usiruke hilo. Kwenye skrini unaweza usione tofauti yoyote, ila mashine ya kukatia stika inafuata kila mstari inaoukuta, na itakukatia A moja vipande kama arobaini.

Namba za herufi nazo zina mtego. Kuanzia 32 hadi 126 ziko sawa na za leo. Kuanzia 128 ni mpangilio wa IBM unaoitwa 437, kwa hiyo mistari ya fremu na vivuli haviko pale Unicode, mpangilio wa leo, inapovitarajia. Python inaujua mpangilio huo: `bytes([n]).decode('cp437')` inakupa herufi sahihi. Zile 31 za mwanzo, vikaragosi na alama za karata, itazirudisha kama alama za udhibiti, kwa hiyo hizo ziweke kwa mkono.

Kiswahili chenyewe hakina shida: herufi zote tunazo, na ng' inahitaji tu alama ya 39 iliyonyooka. Shida ni m na w. Mstari wa pili wa m ni FE, pikseli 7 kati ya 8, na w ina FE yake karibu na chini. Andika "mwanamume" au "mmomonyoko" uone kama bado panasomeka kwa ukubwa unaoutaka. Kiingereza hakizibananishi hivyo, na mifano ya mtandaoni haitakuonyesha.

Hatua ya 4: Safu ya tisa

Kama huna fremu za mistari, pita. VGA ilionyesha herufi 80 kwenye upana wa pikseli 720, yaani 9 kila moja, ingawa kumbukumbu ina 8. Ya tisa huwa tupu, isipokuwa kwa herufi za 192 hadi 223: hizo hurudia safu ya nane ili mistari ya fremu iungane. Ukitaka nafasi ya asili weka upana 576, na kwa herufi hizo 32 tu ongeza safu.

Hatua ya 5: Urefu

Pikseli za DOS hazikuwa za mraba. Mistari 400 na safu 720 zilijaza kioo cha uwiano wa 4 kwa 3, kwa hiyo kila pikseli ilikuwa ndefu kwenda juu kama mara 1.35 ya upana wake. Kwenye stika, vuta kimo hadi asilimia 135 na mtu aliyewahi kukaa mbele ya mashine hizo ataitambua papo hapo. Kwenye tovuti usiivute. Tumia saizi ya 16, 32 au 48 na uiache hapo. Kwenye programu zinazohesabu kwa pointi, kwa kipimo cha Windows cha pikseli 96 kwa inchi, saizi 12 ndiyo pikseli 16.

Hatua ya 6: Aikoni

Hapa mimi bado ni mtu wa daftari la hesabu lenye visanduku. Susan Kare, aliyechora aikoni za Macintosh ya mwaka 1984, naye alianza kwa karatasi ya visanduku, 32 kwa 32, nyeusi na nyeupe. Macintosh ilikuwa na pikseli za mraba, kwa hiyo ile 135 huku haihusiki.

Dogo alitaka Kibo na Mawenzi juu ya jina. Mteremko wa Kibo ukiupandisha kwa mpangilio, hatua 2 kulia na 1 juu, tena 2 na 1, unaonekana safi. Ukichanganya 2, 3, 1, 2 unaonekana kama kioo kilichovunjika. Mawenzi ndiyo inaruhusiwa.

Tatizo la aikoni kwenye stika ni mistari ya pikseli 1 inayopanda kwa mshazari: miraba inagusana kwa ncha tu, na ukianza kung'oa mabaki, nusu ya mlima inaondoka nayo. Herufi za VGA zinapona kwa sababu ya ule unene wa 2. Kwa aikoni nina njia mbili. Ya kwanza ni kuongeza pikseli moja kwenye kila kona. Mstari unanenepa, lakini unashika. Ya pili ni kupanua kila mraba uniti 6 kila upande kwenye skripti, katika nakala ya kukatia tu. Ncha zinapata daraja, na jicho halioni. Naipenda ya pili.

Hatua ya 7: Kukata

Inkscape: andika maneno, badili yawe njia kwa Shift+Ctrl+C, unganisha kwa Ctrl na +, peleka kwenye mashine. Mimi sishuki chini ya milimita 3 kwa pikseli, kwa sababu ndani ya m kuna nafasi mbili za pikseli moja, na kuzing'oa zikiwa nyembamba kuliko hapo ni adhabu.

Stika ikikaa ndani ya kioo na kusomwa kutoka nje, igeuze kushoto kulia kabla ya kukata. Usikague kwa A, H au M, maana hizo zikigeuzwa zinabaki vilevile. Angalia B na N.