AC ya gari inapuliza joto? Usikimbilie kujaza gesi

Mi nilijaziwa gesi mara tatu ndani ya miezi miwili kwenye Toyota IST yangu. Napeleka asubuhi, fundi anajaza, ananiwekea mkono kwenye tundu la hewa "sikia mwenyewe bosi", kweli baridi, nalipa naondoka, kesho yake saa nane mchana nipo kwenye foleni Ubungo shati limegandana na siti. Kumbe gesi haikuwa na shida kabisa.

Sa kabla hujatoa hela elewa hiki kitu kimoja, gesi ya AC haiishi kama petroli. Inazunguka humo humo kwenye mabomba miaka na miaka, ikipungua ujue kuna mahali inavuja, na kama haijapungua basi unayoongeza inakuharibia zaidi.

Anza hivi. Washa gari, washa AC, weka baridi ya mwisho, spidi ya mwisho, na ubonyeze kale kakitufe kenye mshale unaozunguka ndani ya picha ya gari ili isivute joto la nje. Kwanza angalia upepo wenyewe. Kama ni wa baridi ila unatoka kidogo kama mtu anapumulia puani, mara nyingi hiyo ni filta ya hewa, kwenye Toyota ndogo nyingi iko nyuma ya kile kidroo cha mbele ya abiria, unakichomoa kwa mkono tu bila spana, unakuta majani, vumbi, mara nyingine hadi manyoya ya panya. Badilisha, kazi imeisha.

Upepo ukiwa mwingi ila wa joto, fungua boneti umwambie mtu awe anazima na kuwasha AC. Sikiliza, klachi ya kompresa (ile pampu inayosukuma gesi) inagonga "tak!" na injini inashtuka kidogo, na ile sahani ya mbele ya puli inaanza kuzunguka pamoja na puli. Isipogonga, cheki fyuzi, halafu rilei (kale kaswichi ka umeme kwenye boksi la fyuzi), mara nyingi rilei ya honi inafanana na ya AC kwa hiyo unaweza kuzibadilishana kwa muda uone. Kama vyote vizima, hapo sasa gesi inaweza ikawa imeisha kweli, maana kuna swichi inayokataa kompresa isiwake presha ikiwa chini sana, inailinda isijiue. Ila magari mengine ya siku hizi kompresa haina klachi kabisa, hiyo ukisubiri igonge utasubiri mpaka usiku, ipime kwa geji za presha na mashine.

Ikigonga vizuri, shika mabomba (angalia vidole, feni na mkanda havina huruma). Nene linatakiwa liwe la baridi na linatoka jasho kama chupa ya soda, jembamba liwe la moto. Yote yakiwa vuguvugu tu, ama gesi imepungua ama kompresa imechoka haisukumi.

Sasa ile iliyonitesa mimi. AC inapoa gari likitembea, ukisimama kwenye foleni inageuka hita. Ukiona hivyo cha kwanza kabisa angalia feni ya mbele, maana ile kondensa, ile kama rejeta nyembamba iliyokaa mbele ya rejeta, kazi yake ni kutupa joto nje na inahitaji upepo, ukitembea upepo unaupata bure, ukisimama unategemea feni. Feni yangu ilikuwa inazunguka, ndo maana kila fundi aliipita, ila ilikuwa inazunguka kivivu, naziona panga zake moja moja. Ikiwa nzima hutakiwi kuziona. Jaribio rahisi, mwagia kondensa maji kidogo gari likiwa limesimama, baridi ikirudi ndani ya dakika moja mbili ujue shida ni feni au kondensa imeziba matope na wadudu. Kuiosha tumia maji ya bomba ya kawaida, presha ya mashine ya kuoshea magari inalaza zile bati laini zote.

Ukifika kwenye geji, kwa gesi aina ya R134a na joto letu la nyuzi 30 hivi, upande wa chini (wa presha ndogo) unasoma kama 30 mpaka 45 psi, wa juu (wa presha kubwa) kama 200 mpaka 250. Zote chini, gesi pungufu. Zote juu, gesi imezidi au kondensa haipati upepo. Ya chini imepanda na ya juu imeshuka, hiyo kompresa, pole. Ya chini inakimbilia sifuri, kuna kuziba, mara nyingi ekspansheni valvu, kale katundu kembamba gesi inakopita kabla ya kupoza.

Kuvuja kunatafutwa kwa macho kwanza. Gesi hutoka na oili, kwa hiyo palipovuja panakuwa na vumbi lenye mafuta, paka povu la sabuni uone linavyochemka. Fundi akishaziba lazima avute vakyumu (anyonye hewa yote iliyomo kwenye mabomba) kama nusu saa, afunge, asubiri aone kama mshale unarudi, ndo ajaze kwa mizani kufuata gramu zilizoandikwa kwenye stika chini ya boneti. Anayejaza kwa kukisia mkimbie. Na usifungue nati ya bomba mwenyewe, ile gesi ikigusa jicho inagandisha.

Wenye Aqua na Prius, kompresa yenu ni ya umeme mkubwa, zile nyaya za rangi ya chungwa msiziguse, na oili yake ni tofauti, ukiwekewa ya kawaida unaua kompresa.

Yangu nilivyofunga feni nyingine bado ikawa haipoi vizuri, ikabidi nirudi kwa mwenye mashine kupunguza gesi ya ziada niliyojazwa. Nayo nikalipia.